Mapacha kwenye Mizani

Kila Jumamosi asubuhi, mama akiwa kwenye foleni ya unga wa njano, Mboni aliwapeleka wadogo zake mapacha kupimwa uzito: Kulwa mgongoni, Doto mkononi. Baba yao walikuwa wamemzika mwanzoni mwa mwaka ule wa ukame, 1974.

Nesi Benedikta aliwapima watoto katika ofisi ya tawi la chama, Kariakoo. Aliyepungua alitiwa alama nyekundu kwenye kadi. Nyumba kumi za mtaa ule zililima pamoja mchicha na kunde katika bonde la Msimbazi, na Harilal mwenye duka alitoa mbegu na karanga. Walikubaliana kwamba kikapu cha kwanza kiende kwa watoto wenye alama. Doto alikuwa nayo. Kulwa hakuwa nayo.

Siku moja Mboni alipokuwa akipokea kikapu, Pius, aliyesoma naye darasa moja, alisema kwa sauti, "Wapisheni wenye alama nyekundu. Sisi wenye baba tutasubiri."

Watoto wakacheka. Mboni akajitwisha kikapu, akaondoka haraka.

Jumamosi iliyofuata alimwacha Doto kwa jirani, Mama Zamzam. Alimpima Kulwa, akatoka nje, akambadilisha shati, kisha akarudi naye kwenye foleni, safari hii na kadi ya Doto. Nesi alikuwa na kina mama arobaini mbele yake. Alisoma mizani, akafurahi, akaandika kwamba Doto amepata nafuu.

Kikapu kikaenda nyumba nyingine. Mama aliitazama kadi kwa muda mrefu. Ilikuwa kadi ya serikali, naye hakubishana nayo.

Mboni alifanya hivyo mara tatu. Nyumbani Doto aliacha kucheza, halafu akaacha hata kulia. Nywele zake zikawa nyekundu. Miguu ikamjaa, na Mama Zamzam akampongeza mama kwamba mtoto ameanza kunenepa. Jioni hiyo, akimwosha, Mboni aliubonyeza mguu ule kwa kidole. Shimo likabaki: haukuwa unene, ulikuwa uvimbe.

Alimbeba mbio hadi kwa nesi. Alisema yote mbele ya watu. Mama alipofika hakumpiga. Aliuliza tu, "Wiki tatu, Mboni?"

Doto alilazwa hospitali. Usiku wa pili mtoto wa kitanda cha pembeni alifunikwa shuka mpaka usoni, na Mboni akaona mama yake akigeuza uso ukutani. Doto aliponea chupuchupu. Siku ya kumi na moja alinyoosha mkono akataka uji.

Waliporudi nyumbani, kikapu kilikuwa mlangoni: mchicha, majani ya kunde na karanga za kusaga. Baba yake Pius, aliyekileta, alikuwa akiwasubiri, akaomba radhi bila kumtaja mwanawe.

Nesi Benedikta alikuja kumwona Doto. Mboni alimwamkia, akainamisha kichwa.

"Na mimi nina kosa," nesi alisema. "Nilitazama mizani, sikutazama uso wa mtoto. Lakini sikiliza, mwanangu. Aibu ya kuchekwa hupita. Ukiificha njaa ya nyumbani, jirani mwenye mboga mkononi atapita mlangoni kwako akidhani mmeshiba. Utakuwa umemnyima nafasi ya kukusaidia, na atakayelipa ni mdogo asiyejua kusema."

Mboni alichukua kikapu, akaketi kizingitini, akaanza kuchambua mchicha.