Uyoga Mkubwa wa Mahameni

Nyumba ya Danford, bwana shamba wa Bunda, haikuwa na ng'ombe wala mbuzi, lakini tangu Jumatatu sanduku lake la uyoga lilinuka maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Danford alizoea kukusanya uyoga wa porini, kuuchora, kuukausha na kumpelekea profesa mmoja Dar es Salaam. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji watu walihamishwa, wakaacha nyumba na makaburi yao. Jumatatu hiyo, kwenye hame moja upande wa Butiama, alikuta uyoga mweupe usiokuwemo katika kitabu chake chochote. Wanawake waliokuwa wakichuma walimwomba auache ule mkubwa kuliko yote, maana ndio fungu la jini mwenye mahali. Bwana msomi akacheka, akaanza na huohuo. Profesa aliwahi kumwandikia kwamba uyoga mpya huweza kupewa jina la aliyeugundua.

Jumatano Gati, binti yake wa pekee wa miaka sita, akaacha kula. Alijikunyata pembeni, ngozi imepoa na kulowana, ananuka maziwa yaleyale, na kila alipoitwa kulikuwa na kitu kilichoitika kabla yake, kutoka ndani ya sanduku, kwa sauti nzito ya mtu mzima.

Nyangi, mkewe, akamleta mganga, Bibi Nyamburi. Bibi hakutaka hata kukaa.

"Sisi tunamwachiaga ule mkubwa," alinong'ona. "Rudisha uleule, Bwana Shamba. Uleule. Atamwachia mtoto."

Danford akaahidi. Kule mahameni, mchana kweupe, alisimama na sanduku mkononi akiliwaza jina lake kitabuni, na mwisho, Mungu amlaani, akachomeka ardhini uyoga mwingine uliofanana na ule.

Gati alipona siku ileile. Alikula ugali, akaomba samaki, akacheka. Baba mtu akalala usingizi wa pono.

Asubuhi, Nyangi alipokuwa akimwogesha mtoto uani, alimwita mumewe kwa sauti ndogo, akamwonyesha tumbo laini chini ya povu, tumbo lisilo na kitovu, huku mtoto akiwatazama kwa zamu na kutabasamu.

Danford alikimbia mahameni na ule wa kweli, akaufukia, kisha akachimba kwa kucha mpaka zikang'oka, na chini kabisa, chini ya mizizi na mawe ya kaburi, alimsikia Gati akimwita baba, akisema kuna giza, na kadiri alivyochimba ndivyo sauti ilivyozidi kushuka.

Jioni Bibi Nyamburi alimkuta hapo.

"Ulimpa unaofanana," alisema. "Naye amekupa anayefanana. Haya, inuka. Anakuulizia nyumbani."