Ukuta Uliovishwa Nguo

Christella, mwimbaji wa kwaya, alikuwa katikati ya ubeti wa pili aliponyamaza, akavua kaski ya masikioni na kuishika mbali na kichwa chake kana kwamba imemuuma.

"Papa Mbusa, kuko mutu anagonga."

Mbusa alisimamisha kompyuta. Chumba kilitulia, utulivu ule mzito aliokuwa ameujenga mwenyewe kwa nyundo na misumari. "Wapi?"

"Sijue. Mule ndani ya wimbo, chini ya besi. Kama ngumi kwa ukuta."

"Ni jenereta ya jirani."

"Jenereta inaunguruma tu. Hii inagonga, inangojea, inagonga tena."

Mbusa akavaa kaski, akasikiliza, akaivua haraka. "Sisikie kitu," alisema. "Umechoka. Rudi kesho."

Msichana akachukua mkoba wake bila kubisha, lakini mlangoni aligeuka akautazama ukuta wa upande wa kushoto, ule uliopakana na chumba cha marehemu mama mkwe wa Mbusa.

Nyumba hiyo ilikuwa mtaa wa Mbunya, nyuma ya barabara ya vumbi jekundu. Mbusa na mkewe Adeline walikuwa watu wa Butembo waliohamia Bunia kutafuta maisha. Adeline aliuza vitenge sokoni. Mbusa alirekodi kwaya za parokia katika chumba cha kati. Sufu ile ambayo wenye studio za mbali hujazia kuta zao haikupatikana mjini, basi yeye akatumia alichonacho. Alipigilia fremu za mbao, akazishindilia mablanketi makuukuu na nguo za mtumba zisizovalika tena, akazifunika kitambaa na kuzitundika ukutani. Mwangwi ukafa. Kwaya zikaanza kumjia hata kutoka Bule, nje ya mji.

Aliyeshona vitambaa vya fremu za kwanza alikuwa mama mkwe wake, Mama Émilienne, mshonaji wa miaka mingi. Hakutaka fremu zipigwe pini kama viti vya baa. Alizishona kwa mkono, mishono midogo iliyolala sambamba kama punje za mtama. "Mukwe wangu anavalisha ukuta nguo," aliwaambia majirani. "Kesho ataniomba nishonee dari suruali." Kwa desturi mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima, lakini hao wawili walichekeana kama ndugu.

Kisha damu ikampanda mama yule kichwani. Upande wa kuume ukafa, ulimi ukafungika. Akalazwa katika chumba cha kushoto, kitanda kikisogezwa ukutani, na kitu pekee alichobakiwa nacho cha kuitia watu kilikuwa ngumi yake ya kushoto. Akitaka maji, aligonga. Akitaka kugeuzwa, aligonga. Adeline akiwa sokoni, aliyeitika ni Mbusa.

Alikufa mchana mmoja, Mbusa akiwa studio. Adeline alirudi na kumkuta ameporomoka nusu nje ya kitanda, uso umezama ndani ya shuka.

"Sikusikia," Mbusa aliwaambia waliokuja kuhani. "Kile chumba nilikifunga sauti. Haisikike kitu."

Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Adeline ndiye aliyemkumbatia mbele ya wote, akamwambia sikioni, "Ni zile mbao. Si weye." Kumbatio lile lilimkaa Mbusa mgongoni kama kaa la moto, na tangu siku ile hakuweza kumtazama mkewe akila.

Baada ya Christella kuondoka, alizifungua nyimbo zote za mwezi ule. Mlio wa kugonga ulikuwamo katika kila wimbo. Ulikuwamo hata katika zile zilizorekodiwa kanisani, mbali na ukuta wowote wa nyumba yake. Na mtu yeyote mwenye ufundi wake hukimbilia ufundi wake anapoogopa. Akanunua mbao. Akaanza kujenga mitego ya besi, zile fremu nene za pembeni, kutoka sakafu hadi dari, ambazo kazi yake ni kunasa sauti nzito zinazojikusanya kwenye kona. Moja alikuwa nayo tayari. Sasa alitaka kona zote nne. Alipiga pini kitambaa kwa haraka, mistari imepinda, hakujali.

"Unajenga tena?" Adeline alimuuliza, amesimama mlangoni na beseni la mboga. "Ile chumba imeshakuwa kama kaburi."

"Kwaya zinalalamika juu ya besi."

"Na ile harufu? Unatia nini mule ndani?"

Mbusa alikuwa ameisikia mapema kuliko yeye, ila alikuwa anajikataza kuitambua. Ilikuwa kanfa, ile kafuri ya kuchulia wagonjwa. Kanfa na uji uliochacha, harufu ya chumba cha mgonjwa ambacho madirisha yake hayakufunguliwa. Haikutoka chumba cha pili, ambacho Adeline alikuwa amekisugua kwa sabuni na kukiacha na kitanda kitupu. Ilitoka katika mitego mipya.

Asubuhi iliyofuata aliingia kuikagua, akainamia mtego wa kona ya dirisha kutafuta panya au unyevu, na ndipo alipoona kwamba pini zake zote za chuma zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa chini sakafuni mstari mmoja ulionyooka, na mahali pake kitambaa kilikuwa kimeshonwa kwa mkono kutoka juu mpaka chini, mishono midogo, sambamba, kama punje za mtama. Alitaka kurudi nyuma, lakini mkono wake ulikuwa umeshagusa kitambaa kabla moyo haujauamuru, na chini ya kiganja chake blanketi zile kuukuu zilikuwa na joto, joto la mwili uliolala, zikapanda taratibu na kushuka, zikapanda na kushuka, na katika kila kushuka palikuwa na mkoromo mdogo wa mtu anayejaribu kutamka jina kwa ulimi usiomtii.

Hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Kila neno la hadithi ile lilikuwa limefungwa kwa lile la kwanza: "Sikusikia."

Lakini Christella alikuwa amekwenda sokoni kununua kitenge kwa Adeline. Jumapili baada ya misa, Mbusa akiwa amejifungia studio kujaribu kuusafisha wimbo wa kwaya, mlio wa kugonga ulianza tena. Safari hii haukuwa ndani ya kaski. Ulitoka ukutani, halisi, ngo, ngo, halafu kimya, ngo, ngo. Alibana masikio kwa viganja. Ulipita viganjani. Akaongeza sauti ya wimbo, ukapita katikati ya wimbo, na kinywa chake, chenyewe, kikafunguka, kikasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mzigo wa kila siku:

"Ngojea nimalize!"

Mlio ukakoma. Ikasikika miguu ukumbini. Mlango ukafunguliwa, akaingia Adeline, bado amevaa nguo za kanisani, vifundo vya ngumi yake ya kushoto vyekundu.

"Ni miye niligonga," alisema polepole. "Christella aliniambia alisikia. Nilitaka kujua kama hii ukuta inapitisha sauti." Akamkazia macho. "Nani angojee, Mbusa? Ulikuwa unamwambia nani?"

Kabla hajajibu, ukuta uligonga. Adeline alikuwa ameufunga mlango wa chumba cha mama yake, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Ngo, ngo. Kisha kona ya dirisha ikagonga. Kisha kona ya mlango, nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi kwamba kitambaa kilimgusa bega. Harufu ya kanfa ikajaa kama maji yanayopanda.

"Yesu," alinong'ona. "Mama?"

Kitu ndani ya mtego kikavuta pumzi ndefu kwa kusikia jina lile.

Adeline alimshika mumewe mkono, wakatoka. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Lydie, mwanamke wa Mahagi aliyeuza samaki wa ziwani na kuongoza kikundi cha maombi cha mtaa. Alikuwa mnene, mwepesi wa kukasirika, na sikio lake moja halikusikia tangu utotoni. Alikuja jioni ileile, jua bado liko juu ya mabati, rozari shingoni na chupa ya maji ya baraka kwapani. Alizunguka studio, akanusa mtego mmoja, akakunja uso kama mtu aliyeonyeshwa samaki mbovu.

"Mama yenu alikuwa mutu wa kulipiza?"

"Hapana," Adeline alisema. "Hata kuku alikuwaka anaiomba pole mbele ya kuichinja."

"Basi si yeye. Yeye alishaenda. Hii ni pepo, imevaa ngumi yake tu." Akakaa kwenye kiti cha Mbusa, akageuza sikio lake zima kuelekea kwao. "Pepo haiingiake bure. Inatafuta neno lenye batu wamefungia mulango, inalala pale, inakula. Nikiomba sasa, itatoka leo, kesho itarudi na wenzake. Kwanza neno itoke. Nani iko nayo?"

Adeline hakumtazama mumewe. Alitazama sakafu, akangoja.

Mbusa alijaribu kusema kwamba hajui. Mtego wa kona ulimwitikia kwa pigo moja, la kirafiki kabisa, kama mtu anayekubaliana na mwenzake. Ndicho kilichomvunja. Alielewa kwamba kitu kile kilikuwa kimemzoea, kwamba kingeishi naye vizuri mpaka uzee wake, kikilishwa.

"Zile mbao hazizuiake sauti ya chumba ingine," alisema. "Zinakunywa mwangwi tu. Nilijua tangu mwanzo."

Ukuta ukagonga.

"Ile siku nilikuwa natundika huu mutego, wa kwanza. Kwaya walitaka wimbo yao. Mama aligonga. Nikamwambia ngojea nimalize. Alikuwa ameshagonga sana ile asubuhi, maji, shuka, maji, nilichoka, Adeline, nilichoka naye."

Ukuta ukagonga, kwa nguvu zaidi, vumbi likashuka darini.

"Akagonga tena. Haikuwa kama ya siku zote. Ilikuwa ya haraka. Nilisikia kama iko tofauti, na nikavaa kaski." Sasa maneno yalikuwa yakitoka yenyewe, yakisukumana. "Nikainua mutego, nikaupiga musumari, na wakati nilimaliza, nikavua kaski, kule kulikuwa kimya. Nikajiambia mutego umefanya kazi. Nilijua haiwezekane. Nilijua, na nikafurahi, nikacheza wimbo mpaka mwisho, nikaurudia, na sikuenda kuangalia. Niliogopa kuangalia. Ulimukuta weye kwa sababu miye nilikungojea umukute."

Hapo mshono wa kwanza ulikatika. Walisikia sauti yake, tik, ndogo kama kucha inayovunjwa, halafu wa pili, wa tatu, na kutoka juu mpaka chini, katika kona zote nne, uzi ulianza kujifumua wenyewe, na vitambaa vikafunguka kama matumbo ya mbuzi, na yale mablanketi na suruali na makoti ya watu wasiojulikana yakamwagika sakafuni yakiwa yameloa, yanatoa mvuke, na Mama Lydie akasimama akinyunyiza maji na kuomba kwa Kialur, lugha ya kwao, kwa sauti ya muuza samaki aliyezoea kushinda soko zima, na katikati ya rundo lile kitu kikatambaa chini kwa chini, kifupi, kizito, kikampita Adeline kwenye vifundo vya miguu kikiwa baridi kama tumbo la chura, kikatoka mlangoni, kikavuka ua, na mbwa wa jirani akalia mara moja tu na kujificha chini ya gari.

Kukawa kimya. Kilikuwa kimya cha kawaida, chenye pikipiki barabarani na mtoto wa mtu anayeitwa kuoga.

"Imeenda," Mama Lydie alisema, akifuta jasho kwa kona ya kitenge. "Muchome hivi vyote. Yenye inabaki kati yenu haiko ya mimi kuombea."

Walichoma fremu uani kabla giza halijaingia, hata zile za kwanza, zenye mishono ya mkono wa kweli. Mbusa alitaka kubakiza moja. Adeline aliichukua mikononi mwake, akapitisha kidole juu ya mshono, akaitupa motoni mwenyewe.

Moto ulipokuwa makaa, aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, karibu na ukuta. Mbusa alisimama mbele yake akisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kofi, kwa kusikia kwamba kesho anarudi Butembo kwa kaka zake. Angeyapokea yote kama maji ya kunywa.

"Ile ya mwisho," Adeline alisema. "Yenye ulisema iko tofauti."

"Ndiyo."

"Ilikuwa namna gani?"

"Adeline, tafazali."

"Miye sikukuwako. Weye ndiyo ulikuwako. Hakuna mutu mwengine kwa dunia anaijua." Akasogea pembeni kumpa nafasi ukutani. "Onyesha."

Mbusa alipiga magoti. Alikunja ngumi ya kushoto, akagonga. Ilikuwa ya haraka, isiyopangika, mapigo yaliyokanyagana. Alisita.

"Iliisha pale?"

"Hapana."

"Basi endelea."

Akaendelea. Adeline aliegemeza kichwa ukutani, macho amefumba, akisikiliza kila pigo kama anavyosikiliza mtu anayetafuta neno katika lugha aliyoisahau. Mapigo yakapungua nguvu, yakaachana, likabaki moja, halafu mkono wa Mbusa ukatulia juu ya tofali kwa sababu hapo ndipo alipokuwa amevaa kaski, na zaidi ya hapo hakujua.

"Na kisha?" mkewe aliuliza.

"Sijue."

Adeline aliinuka, akaingia chumba cha mama yake, akatandika kitanda kilichokuwa kitupu, na kufunga mlango kwa komeo. Mbusa alibaki magotini, akageuza uso akaweka sikio ukutani. Hapakuwa na kitu upande wa pili, wala pepo wala mtu wa kumwita, na alikaa pale akisikiliza mpaka makaa yakawa majivu.