Chaga za Mansuetus

Emerensiana alijilaza mchana ubavu wa kitanda ukigusa ukuta, ukungu wa Maguu umejaa dirishani. Alipoamka, kati ya kitanda na ukuta palikuwa na nafasi ya kupita mbuzi. Akacheka. Nyumba za Maguu zote zimekaa mteremkoni, na mimba kubwa kama yake ingeweza kusogeza hata kanisa.

"Ni uzito wako huo," mumewe Hyasinti alimtania alipotoka kwenye shamba la kahawa. Akakirudisha kitanda ukutani na kuweka mawe mbele ya matendegu.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha siku nyingi, chaga tu, zile mbao za kulalia, ndizo zilikuwa ngeni. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka juu ya kamba zilizolegea, na Shangazi Gertruda, mkunga, alikuwa amesema waziwazi kwamba hii ya tatu ilazwe mahali pagumu, la sivyo itawafuata wenzake. Hyasinti hakulala akiwaza mbao. Ndipo akapita mchuuzi Mansuetus na baiskeli kutoka Kitai, mbao zimefungwa kwenye keria. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mbao zile zilikuwa zimetembezwa mpaka vumbi limezibadili rangi.

"Mninga mtupu, shemeji," alisema akizigonga kwa vidole. "Hata Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya kule Songea, analalia mbao kama hizi. Wamelala juu yazo watu wazito, na hazikupinda. Naapa mbele ya Mungu, hajapata kuamka mtu juu ya mbao hizi akalalamika mgongo."

"Mbona zinanukia?" Emerensiana aliuliza.

"Ubani, shemeji. Zilikaa kanisani."

Hyasinti alikuwa mtu ambaye akisikia jina la Mungu haulizi tena. Alizipigilia siku ileile.

Mawe hayakusaidia. Kila Emerensiana aliposinzia mchana, kitanda kilihama, na yale mawe aliyakuta yamepangwa vizuri kando ya ukuta. Sasa hakucheka. Alimwambia mumewe akaambiwa ni mimba, wanawake wenye mimba huona mengi. Jibu hilo lilimuuma.

Kisha ikaja siku ya mvua, Hyasinti akiwa shambani. Alikuwa macho kabisa aliposikia chini yake pumzi za wanaume, wengine upande huu na wengine upande ule, pumzi za watu wanaojiandaa kunyanyua kitu kizito, halafu mguno mmoja uliotoka vifuani mwao wote kwa pamoja, na kitanda kikainuka, kikageuka taratibu, kwa adabu, kama watu wasiotaka kumsumbua aliyelala, hadi nyayo zake zikaelekea mlangoni, kama anavyotolewa nyumbani mtu asiyerudi, na harufu ya ubani na udongo mbichi ikamjaa puani, naye akataka kupiga yowe lakini taya lilikuwa limekaza kana kwamba limefungwa kitambaa. Hyasinti alikohoa uani. Kitanda kikaanguka kwa kishindo.

Safari hii Hyasinti aliyakuta mambo mwenyewe. Alikimbia kumwita Shangazi Gertruda, akarudi naye.

"Shikamoo, Shangazi," Emerensiana alisema, bado yuko kitandani.

"Marahaba. Hyasinti, mtoe kwanza hapo." Gertruda alifunua godoro la maganda ya mahindi, akapapasa upande wa chini wa mbao, vidole vikashika matone ya nta ya mishumaa. Akanong'ona, "Nani amewauzia jeneza?"

"Si jeneza, Shangazi, ni chaga. Aliapa hajapata kuamka mtu..." Hyasinti alirudi nyuma hatua moja.

"Aliapa kweli. Waliolazwa hapa hawakuamka. Hili ni jeneza la kanisa, la kubebea tu; lilibeba maiti za parokia nzima mpaka likachakaa, bila shaka huyo aliyewauzia alipewa akalichome. Waliolibeba nao wamekufa, lakini kazi hawajaiacha. Anayelala juu yake ni mzigo wao."

"Nitazichoma sasa hivi!"

"Sauti chini! Ukizichoma watambeba mkeo mabegani. Wape mzigo waende zao. Mmedanganywa, nanyi danganyeni."

Wakakata mgomba wa kimo cha Emerensiana, wakauvika kaniki yake na rozari yake, wakaulaza juu ya zile mbao. Mwenyewe alifichwa jikoni, nyuma ya kuni.

"Atakayebisha hodi, usiitike," Gertruda alimwonya. "Maiti haiitiki hodi."

Majirani waliubeba mgomba pamoja na mbao zile kwenda kuuzika. Emerensiana alisikia jina lake likililiwa, akasikia mumewe akilia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza hata kidogo. Ni jambo la kutisha kujisikia ukizikwa, na yeye alitetemeka mpaka kuni zikagongana. Baadaye ukasikika udongo ukimwagwa kule chini, karibu na ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni. Harufu ya ubani ikakatika ghafla, kama mlango umefungwa. Emerensiana akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu na Bikira Maria, akalikumbatia tumbo lake.

Hapo ndipo zikaja nyayo. Zilipanda kutoka mteremkoni kwa mwendo mmoja, nyayo za watu waliotua mzigo, zikapita mlango wa nyumba kubwa bila kusimama, zikazunguka uani pasipokuwa na mtu, zikaja hadi kwenye mlango wa jiko na kutulia, na chini ya mlango harufu ya udongo mbichi ikaanza kupenya.

"Hodi, mama."

Ilikuwa sauti ya mzee, ya upole. Emerensiana aliuma kanga.

"Mmoja tumemfikisha," sauti ilisema, bila hasira, kama mkulima aliyepunjwa kwenye mizani. "Lakini tuliowanyanyua siku ile walikuwa wawili."

Mvua ikaanza tena juu ya nyasi za paa.

"Hodi, mdogo wetu."

Emerensiana aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mtoto tumboni, ambaye hakuna aliyemwonya, akapiga teke, kisha la pili, akiitika.