Mguu Juu ya Breki

Nilikwenda kwa dada jioni ile kufunga washa nne za shaba, vile vipete vya kuziba maungio ya mabomba ya breki. Kazi ya nusu saa, nilijiambia, halafu nile, nirudi kwangu nikalale.

Gari lilikuwa la shemeji, mume wa dada. Wiki mbili kabla nilimtolea breki za nyuma za ngoma nikamwekea za diski. Kalipa zake, zile koleo zinazobana diski, nilizipata kwa muuza vyuma chakavu tunayemwita Babu Kutu. Tangu siku hiyo mafuta ya breki hayakukaa. Nakaza, yanavuja. Nabadilisha bomba, yanavuja. Shemeji akawa ananitania kwamba gari lake linajikojolea kama mtoto.

Utani ulikuwa umefika mwisho. Dada alikuwa na mimba ya miezi tisa, na hospitali iko chini ya mteremko mrefu.

"Mdogo wangu," aliniambia mlangoni, mkono kiunoni, "sitaki kufika hospitali kwa kubiringika."

"Leo namaliza, dada. Niamini."

Jua lilikuwa linazama nilipoingia uvunguni, huko nyuma ya nyumba. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yametolewa. Kosa nililiona mara moja: nilirudishia washa kuukuu, zilizokwisha kubonyea. Nikaweka mpya. Sasa ilibaki kutoa upepo kwenye mabomba, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga breki na kushikilia. Mwingine, chini, anafungua nati upepo utoke, anaifunga, ndipo anamwambia mwenzake aachie.

Shemeji akakaa kwenye usukani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia! … Haya, achia."

Upande wa kushoto ukaisha. Nikajiburuta kwenda kulia, nikaanza kugonga nati iliyokuwa imekaza. Shemeji alisema kitu. Nikaitikia "haya" bila kusikia, kwa kelele za nyundo yangu mwenyewe.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Sauti ilikuwa ya chini. Nikadhani amechoka.

Nikafungua nati. Mafuta yakatoka meusi, na yakaja na harufu ambayo si ya mafuta ya breki. Majani mabichi … majani yaliyopondwa, na tope.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nikafunga nati. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia aachie nilipoona miguu. Ndala za shemeji zilikuwa zinaingia getini, zinakuja kwangu taratibu.

Zikasimama pembeni ya kichwa changu.

"Nimeyapata," shemeji alisema, akainama kunionyesha chupa mpya ya mafuta ya breki. "Duka la kwanza walikuwa wamefunga. Si nilikuaga?"

Nilikuwa natazama ukuta nyuma yake. Ulikuwa mwekundu. Taa za breki zilikuwa zinawaka.

"Shemeji," nilinong'ona, "nani yuko ndani ya gari?"

"Hakuna mtu."

Juu yetu, polepole, kama mtu anayeogopa kukosea …

"Nimeshikilia."

Sijui nilitokaje mle chini. Tulifungua mlango wa dereva pamoja, yeye kashika chupa, mimi spana. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti kilikuwa kimebonyea katikati, na pedali ya breki ilikuwa imezama chini kabisa.

Ndipo dada alipopiga kelele kutoka ndani.

Maji yalikuwa yamemwagika sakafuni. Mtoto alikuwa njiani. Tulimpigia dereva wa teksi tunayemjua, simu yake haikupatikana. Jirani mwenye gari alikuwa safarini. Tulitazamana, mimi na shemeji. Tukarudi nyuma ya nyumba, tukafunga magurudumu, tukashusha gari.

Shemeji alikaa kwenye kile kiti. Alikunja uso kama mtu aliyekalia maji.

Akawasha. Akaingiza gia. Gari likatetemeka, likazima. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameng'ang'ania. Akaingiza mguu chini ya pedali akaivuta juu. Haikusogea hata unywele. Dada, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa ameuma kanga.

Nikaelewa. Nilimwambia ashikilie. Na sikumwambia kingine.

Niliinamisha kichwa dirishani.

"Achia," nilisema.

Pedali ikabaki chini.

"Basi. Umefanya vizuri. Achia."

Pedali ikapanda taratibu. Ukuta ukawa mweusi. Na kiti, ambacho shemeji alikuwa amekalia, kikapumua.

Tulishuka ule mteremko na breki zikakamata vizuri kuliko zamani. Dada alijifungua mtoto wa kike kabla hata hajapandishwa kitandani.

Kesho yake nilizitoa zile kalipa, nikarudisha ngoma, kalipa nikazipeleka kwa Babu Kutu. Alipoziona alirudi nyuma hatua mbili.

"Gari zilimotoka hizi lilikutwa korongoni," alisema hatimaye. "Ndani ya majani marefu. Dereva alikaa humo usiku kucha, hai, miguu imebanwa. Waliomkuta asubuhi walimwambia asitikisike, ashikilie breki hivyo hivyo gari lisiporomoke zaidi, wanakwenda kuita watu."

"Halafu?"

"Waliporudi alikuwa amekufa. Mguu uko kwenye breki." Akaanza kupanga vyuma vyake ambavyo vilishapangika. "Kaka yake alipokuja kuniuzia lile gari, aliniambia hizo mbili niziyeyushe. Nikazisahau. Mengine usiniulize, kijana wangu, siyajui."

Aliziyeyusha siku hiyo hiyo, mbele ya macho yangu. Nikasema yamekwisha.

Lakini siku hizi, nikiwa uvunguni, anayenikanyagia breki lazima aimbe muda wote, nijue ni yeye. Wateja wanacheka, wanasema fundi kachanganyikiwa. Naacha wacheke.

Jana alikuja mama mmoja mwenye teksi. Ana sauti tamu, aliimba vizuri tangu gurudumu la kwanza. Tulipofika la nyuma kulia, vumbi likampalia. Akanyamaza, akakohoa sana.

Wimbo ukaendelea.