Pikipiki Aliyokuja Nayo Bibi Harusi

Ndugu zangu, nawaandikia jambo ambalo nyote mnalijua, ila kila mmoja analijua kimyakimya. Shule sikusoma ya kutosha, kwa hiyo mnivumilie. Nimechoka kulibeba peke yangu.

Nyumba ya dada yangu Bashiran ilikuwa na amani. Asubuhi mwanawe Nazakat huketi uani kwenye kitanda cha kamba, mpira wa ngozi umebanwa magotini, sindano mbili mikononi, anashona. Mipira ya kijiji chetu huchezewa nchi ambazo hatutaziona. Kijana alikuwa na mikono myepesi na maneno machache. Mkewe Kaneez, bibi harusi wa miezi michache, humletea chai na kumchokoza: "We bwana, mbona mpira unautazama kuliko mimi?" Naye hucheka mpaka uzi unamponyoka.

Kilichovuruga amani hiyo kilisimama kando ya ukuta, kimefunikwa shuka. Pikipiki.

Mnajua mambo yetu. Binti haendi kwa mumewe mikono mitupu. Huja na magodoro, masufuria, cherehani, na siku hizi asipokuja na pikipiki watu humuuliza baba yake kama alimwoza au alimfukuza. Lal Din, baba yake Kaneez, akaleta pikipiki nyekundu yenye utepe. Lakini Nazakat ana kifafa. Anacho tangu utotoni, na siku ya posa dada yangu aliwaambia wageni eti ni kizunguzungu cha jua. Dawa zake zipo duniani, ila zahanati yetu huzipata kwa bahati. Daktari wa zahanati hiyo tunamjua kwa jina lililoandikwa mlangoni tu.

Basi Nazakat alikuwa akiisukuma. Akienda kupeleka mipira kwa wakala, hupakia magunia juu ya pikipiki, akashika usukani, akatembea nayo kwa miguu hadi sokoni. Vijana wa duka la chai wakapata sikukuu.

"Bwana harusi! Petroli imekwisha tena?"

"Mwacheni, anaitembeza kama mbuzi wa Idi. Siku hiyo tutakula nyama!"

Nilimfuata Nazakat uani nikamwambia, "Mpwa wangu, iuze. Pikipiki si kitu chako. Kuna watu hawawezi kuogelea, na wanaishi."

"Nikiiuza wataniuliza kwa nini, mjomba."

"Si uwaambie."

Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka Barkat, funga hilo domo. Unataka mwanamke arudi kwao kesho?"

"Nataka mwanao asife."

"Hajaanguka mwaka mzima!"

"Mwaka mzima amekaa kitako anashona. Angeangukia wapi?"

Nazakat alikuwa akijitetea kwa watu kwamba hana leseni, nami nikaona niende kwa wenye mamlaka wasije wakampa. Mjinga mimi. Pale ofisi ya leseni mjini karani alinisikiliza huku anamenya chungwa.

"Mzee, watu huja hapa kuomba leseni. Wewe umekuja kuomba mtu asipewe?"

"Mpwa wangu ana kifafa, mwanangu."

"Lete cheti cha daktari."

"Daktari hayupo."

"Basi kifafa nacho hakipo."

Wenzake wakacheka. Haukupita muda diwani mwenyewe akaja kijijini, uchaguzi unakaribia, akamkabidhi Nazakat leseni mbele ya watu kama zawadi ya harusi. Nazakat hakuwahi kukanyaga ofisi ile. Hakuna aliyemwambia hata azunguke mti tuone. Watu walipiga makofi, na kuanzia hapo kijana hakuwa na kisingizio tena.

Ikakaribia Idi. Idi ya kwanza bwana humpeleka mkewe kwao, na huingia akiwa juu ya ile pikipiki, majirani wa mkwe waione. Nikapanda basi hadi kwa Lal Din nikamweleza yote. Alinimiminia chai, akanisogezea kikombe.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ndugu yangu, kijana anayesukuma pikipiki mpya, habari zake hufika kabla yake. Lakini nina mabinti watatu humo ndani. Ikisikika mkwe wangu ana kifafa, nani atakuja kuwaposa? Aje mara hii moja tu, watu waone. Idi ikipita tutaiuza."

Nikarudi nikamwendea Kaneez mwenyewe. Nilimkuta anakanda unga. Hakuinua hata kichwa.

"Mjomba, mimi nalala naye. Ulidhani sijui?"

"Basi pandeni basi, binti yangu."

"Nilimwambia. Akasema baba yangu ataaibika. Na kweli ataaibika." Akafuta mikono. "Usijali. Nitamshika kwa nguvu."

Siku ya Idi waliondoka jua limeanza kuinama. Kaneez alikaa upande kama wanawake wetu wanavyokaa, boksi la peremende mapajani, mkono mmoja kiunoni kwa mumewe. Walipita njia ya kando ya mfereji mkubwa wa kumwagilia mashamba. Muuza matikiti aliyekuwa pale anasema Nazakat alikauka ghafla kama ubao, mkono ulioshika kishikio cha mafuta ukakakamaa, wakaenda moja kwa moja majini. Ukingo wa kuzuia watu wasitumbukie tumeahidiwa kila uchaguzi. Vijana walewale wa duka la chai waliruka, wakamtoa Nazakat hai. Kaneez alipatikana maiti, chini kwenye lango la kufungia maji.

Msibani kila mtu alisema amri ya Mungu. Diwani alikaa mbele kabisa kwenye mkeka, ameinua mikono kuomba dua. Nikamuuliza, "Ile leseni aliitoa Mungu au wewe?" Watu wakanivuta mkono wa kanzu, eti namvunjia heshima mgeni.

Sasa Nazakat hashoni. Dada hunituma nikakae naye, kwa kuwa mimi pia ni mgane. Mke wangu alikufa kwa uchungu wa uzazi juu ya mkokoteni, nje ya zahanati iliyofungwa kufuli. Juzi kijana akaniuliza, "Mjomba, wewe ulizoea lini?"

Nikamwambia kweli: sijazoea.

MAFUNZO

Ugonjwa si aibu, wazazi wenzangu. Semeni siku ya posa. Anayekimbia akimbie, mapema. Msimnunulie mtu kitu cha kumpandisha ili macho ya majirani yashibe. Nanyi mnaogawa leseni kama peremende, mtu msiyemwona akiendesha msimwandikie karatasi. Karatasi ile ilimfutia kijana wetu neno "siwezi" mdomoni. Na wewe unayejua kwamba ndugu yako hafai kupanda, usimwambie sikioni kisha ukaenda zako. Shika ufunguo, utie mfukoni, akutukane. Aliyekasirika hupatanishwa. Aliyezikwa, mtampatanisha na nani?