Jicho Jekundu la Chambo

"Nataka kimoja tu. Cha kushoto, cha kulia, sijali."

Ilikuwa siku ya soko pale mjini Wote, watu wakikanyagana na vumbi likiingia mpaka kwenye meno. Ndinda aliinua macho kutoka kwenye rundo la viatu vyake vya mtumba. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, mkononi ameshika kiatu kimoja chekundu cha plastiki, sandak.

"Kwani una mguu mmoja?"

"Niko na miwili, mrembo. Lakini hiki sivai, nayeyusha."

Aliitwa Muthama, fundi wa redio. Alimweleza bila aibu kwamba plastiki ile laini angeiyeyusha kwenye jiko nyumbani kwake, aimimine kwenye umbo alilochonga kwenye plasta, itoke ina mkia kama mnyoo. Akiitia ndoano, kambare wa mto Athi huidhania chakula.

"Aka! Unavua samaki na viatu?"

"Na nikikuvua wewe, nitumie nini?"

Ndinda alicheka mpaka jirani yake wa nyanya akageuka kutazama. Alimpenda siku ile ile, na hakujisumbua kuficha.

Lakini nyumbani kwa kina Ndinda mto haukutajwa. Mjomba wake Kilonzo akivua samaki humo alichukuliwa na mamba, wakazika koti lake peke yake. Kwa hiyo Muthama alipokuja kujitambulisha, mama yake Ndinda hakuuliza shamba wala kazi. Alisema jambo moja: huyu kijana aache mto. Muthama akaapa mbele ya mchungaji, na siku ya mbuzi wa ntheo ikapangwa iwe Jumamosi. Ukambani, mbuzi hao wakishapokelewa, msichana ni mke wa mtu.

Siku mbili kabla, Ndinda alikuwa akimnyooshea Muthama koti la kuvaa siku hiyo. Mfukoni akapata chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, imetumika nusu.

Damu ilimpanda kichwani. Yeye, mwimbaji wa kwaya, kucha zake hazijawahi kuonja rangi! Aliacha pasi, akavaa gauni lake la kitenge vifungo vikipishana, akaenda posta kupiga simu dukani kwa Muthama. Hakutaka kumwona uso.

"Hiyo rangi ya kucha ni ya nani?"

Upande wa pili bisibisi ilianguka mezani.

"Muthama!"

"Ni... ni ya dada yangu, mpenzi."

"Dada gani? Kwenu si mmezaliwa wanaume watupu?"

"Ngoja nikueleze..."

Aliitupa simu ikabaki inaning'inia. Alizunguka soko akiongea peke yake, na jioni mguu ukampeleka chumbani kwa Muthama, amtoe huyo mwanamke kwa nywele. Mlango aliufungua kwa teke.

Mwanamke hakuwako. Muthama alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, kopo la plastiki nyekundu likitoa moshi wa kuchoma koo. Kwenye kamba walining'inia minyoo wa plastiki, kila mmoja amepakwa jicho la rangi ya kucha.

"Samaki hurukia jicho kwanza," Muthama alisema kwa sauti ndogo.

Mtu mwingine angeshusha pumzi. Ndinda alizidi kuwaka.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke! Ningejua wa kupiga! Uliapa, Muthama. Mama yangu alizika koti!"

"Mtoni sijakanyaga tangu niape. Hivi vyambo naviuza tu kwa wavuvi. Mikono ndiyo imekataa kuacha, Ndinda."

"Sasa dada alitoka wapi?"

"Niliogopa mama yako."

"Na mimi je? Mimi hukuniogopa?"

Muthama aliipua kopo. Kilichomuuma Ndinda zaidi ni kwamba bado alimpenda, moshi na yote.

"Jumamosi utamwambia mama mwenyewe. Mbele ya wazee wenu. Ukimung'unya neno moja, urudi na mbuzi wako."

Jumamosi mbuzi walifika, wakilia langoni. Wazee wa kina Muthama walikuwa hawajamaliza salamu kijana wao alipojitokeza mbele, jasho likimtiririka, akasema yote: viatu, jiko, ndoano, dada asiyekuwako. Baba yake mzazi alifunika uso kwa kofia.

Mama Ndinda alimsogelea.

"Mto?"

"Sijaenda, mwaitu, mama yangu. Na siendi."

"Na ukitaka kwenda?"

"Nitakuja kukuambia wewe kwanza. Sitamdanganya mtoto wako tena."

Mama akageuka kwa binti yake, aliyekuwa mlangoni amekunja mikono, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu.

"Mimi nimesikia. Lakini aliyedanganywa ni wewe. Hawa mbuzi waingie ama warudi?"

Muthama aliangalia chini.

"Mbuzi waingie," Ndinda alisema. "Yeye abaki hapo nje mpaka hasira iniishe."

Wazee waliangua kicheko, lango likafunguliwa, mbuzi wakapita, na Muthama akabaki juani. Ndinda hakucheka. Aliingia jikoni akaanza kukata vitunguu kwa kisu kama anagombana navyo. Alikuwa mke wa mtu sasa, na bado amekasirika.