Kweche Mwekundu wa Mwezi wa Nane

Kila Jumamosi asubuhi, Hafsa akishafagia uwanja na kumwekea Bibi Maua maji ya kutawadhia, alichukua daftari lake la michoro, penseli mbili na kibweta cha rangi za maji, akampitia rafiki yake Advera. Walishika njia ya zamani ya misafara inayopita Itetemia, wakaiacha kwenye majaruba ya mpunga, wakateremka hadi mbugani penye dimbwi kubwa lililozungukwa na matete. Hapo ndipo ndege walipokuwa.

Wote wawili walikuwa darasa la sita, na walikuwa wanachama wa klabu ya ndege ya Mwalimu Anselm. Masharti ya klabu yalikuwa machache. Kaa kimya. Tazama. Chora ulichokiona. Andika siku na saa. Michoro bora ilipakwa rangi katika daftari kubwa la shule, ambalo wanafunzi walikuwa wakilijaza mwezi hadi mwezi kwa miaka minane, anayehitimu akimwachia anayebaki. Mwaka huu mchoraji wa daftari hilo alikuwa Hafsa. Yangeyange aliyemchora alisimama kwa mguu mmoja majini kiasi kwamba ulihisi ukikohoa ataruka.

Lakini mvua zilipokatika, ndege walianza kumpotea. Mwanzoni alidhani ni vumbi. Alinawa uso, akafikicha macho, akatazama tena. Pale Advera alipoona yangeyange wanne na shingo zao, yeye aliona madoa meupe kama pamba iliyotupwa. Darasani nako maandishi ya ubaoni yaligeuka ukungu, akawa ananakili kutoka daftari la Advera.

Hakumwambia mtu. Nyumbani kwao alikuwepo Bibi Maua, aliyewahi kuwa fundi wa kudarizi kofia, mwenye wateja hadi Nzega na Igunga. Sasa Bibi haoni kabisa. Hushikwa mkono hata akienda kukaa barazani. Hafsa alimtazama akipapasa ukuta kutafuta mlango. "Mimi ndiye ninayefuata," alijiambia.

Basi akaanza hila. Wakifika dimbwini alimuuliza Advera, "Leo umependa yupi?" Advera akieleza, Hafsa alichora maelezo hayo. Sehemu zilizokosekana alizijaza kwa kukumbuka. Michoro ilizidi kupendeza, watu wakazidi kumsifu, na kila sifa ilimchoma. Usiku alilala akiwa amefumba macho kwa nguvu, kana kwamba angeweza kuyatunza yasiishe.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane Advera alikuwa amesafiri kwenda kwa mjomba wake. Hafsa alikaa dimbwini peke yake. Mbele yake palikuwa na rangi ya majani makavu tu, na juu yake vitu vidogo vikirukaruka. Alisikiliza. Sauti zile alizijua, zilikuwa za kweche, ndege wadogo kama shomoro wanaopenda matete. Akashukuru. Akafungua rangi, akamchora kweche dume kama alivyomkumbuka tangu masika, mwekundu kama kaa la moto, uso na tumbo vyeusi. Chini yake aliandika: "Jumamosi, saa mbili asubuhi."

Jumatatu, Hafsa alipokwisha kumnakili kweche huyo katika daftari kubwa, Mwalimu Anselm aliufungua ukurasa huo mbele ya darasa. Alitabasamu, kisha tabasamu likakauka.

"Hafsa, huyu ulimwona lini?"

"Juzi, Mwalimu. Jumamosi."

"Kwa macho yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Njoo hapa mbele."

Alikwenda. Mwalimu alifunua kurasa za miaka iliyopita, akamwonyesha mwezi wa nane mmoja baada ya mwingine. Kila kweche aliyechorwa humo alikuwa wa kahawia, mwenye michirizi.

"Kweche dume huvaa wekundu wakati wa mvua, anapotafuta jike," alisema Mwalimu polepole. "Kiangazi huuvua, akafanana na jike lake. Nami nilipita pale dimbwini Jumamosi jioni. Hakuna hata unyoya mmoja mwekundu. Sasa niambie, ni picha ngapi nyingine za namna hii?"

Hafsa aliinamisha kichwa. Nyuma yake mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Miaka minane," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira. "Waliokutangulia waliandika 'leo hatukuona kitu' pale waliporudi mikono mitupu. Wewe ukaleta uongo mzuri. Sasa sijui niamini ukurasa upi. Acha daftari hapa. Hutalichora tena."

Alirudi nyumbani bila kujua alivyofika. Alipita barazani bila kumwamkia Bibi, akaingia uani, akakaa kwenye kinu kilicholazwa karibu na mlango. Alitaka kulia akashindwa. Daftari limekwenda. Macho yanakwenda. Akafikiri kwamba bora Mwalimu amwite mwongo, kuliko watu wote waanze kumwita kipofu.

"Nani huyo anayepumua kama aliyekimbizwa?" Bibi Maua aliuliza kutoka barazani. "Hafsa?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Njoo ukae hapa." Bibi alimpapasa bega, kisha shavu. "Umepatwa na nini, mjukuu wangu?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alisema yote bila kupumzika: ndege, ubao, Advera, kweche mwekundu. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, mimi nakuwa kama wewe."

Bibi Maua alimvuta karibu.

"Nikueleze jambo ambalo hata baba yako Majidi sijamwambia," alisema. "Macho yangu hayakuzimika siku moja. Yalianza pembeni. Mtu akija ubavuni simwoni. Nikakosea kofia ya kwanza, nikasema taa ni mbovu. Nikakosea ya pili, nikasema uzi ni mbaya. Niliogopa wateja wakijua wataniacha. Nilificha miaka mitatu, Hafsa. Nilipopelekwa hospitali, daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba ningefika mapema angeizuia. Alichoweza kufanya ni kunipa pole. Wateja wenyewe waliniacha vilevile."

Hafsa alimshika mkono Bibi, wakakaa hivyo mpaka Majidi aliporudi kutoka karakana yake ya useremala. Bibi hakungoja hata avue viatu. "Kesho unampeleka mtoto huyu kwa daktari wa macho. Usiniambie habari ya kazi."

Siku ya pili, kwenye benchi la hospitali, Hafsa alijikunyata hata Baba akamfunika kwa koti lake. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba. Alimulika macho yake, akayapima presha, akamsomesha herufi ukutani. Hafsa aliona ile ya juu tu.

"Nitapofuka?" aliuliza, kabla Baba hajafungua mdomo.

"Hapana. Macho yako yanaona karibu, mbali hayafiki. Miwani itakusaidia. Ila kwa kuwa bibi yako ana presha ya macho, uje kupimwa kila mwaka. Usikose." Kisha akaongeza, "Mbona umekaa miezi yote hii kimya?"

Hafsa alimkumbuka Bibi na kofia zake.

Miwani ilipokuwa tayari, alikwenda ofisini kwa Mwalimu Anselm akiwa ameivaa. Alieleza kila kitu, kisha akaomba daftari kubwa. Alizifunua kurasa, akaonyesha picha za uongo. Zilikuwa kumi na moja.

"Nizichane, Mwalimu?"

"Usichane. Andika kwenye kila moja: 'Sikumwona ndege huyu.' Weka na jina lako."

Aliandika. Alifika hadi ya mwisho, akijua kwamba kila mwanafunzi atakayekuja baadaye atasoma.

"Nisikilize," Mwalimu alisema alipomaliza. "Macho mabovu si kosa la mtu. Mtu akiumwa husema, naye husaidiwa. Akificha, ugonjwa hukua, na uongo wa kuuficha hukua nao. Na mimi nimekosa. Nilikuuliza uliona nini, sikukuuliza unaonaje. Mchoraji wa daftari mwaka huu atakuwa Advera. Wewe utakwenda naye kila Jumamosi, uanze upya. Tutaona."

Iliuma, lakini Hafsa aliona ni haki.

Jioni ile aliketi barazani karibu na Bibi Maua. Bibi aligeuza uso kuelekea uwanjani.

"Nasikia mbawa. Kuna nini pale ukutani?"

Hafsa alitamani kumwambia kuna ndege wa ajabu, mwenye rangi ambazo Bibi hajaziona miaka mingi. Akarekebisha miwani yake.

"Ni tetere, Bibi. Mmoja tu. Mkia wake umekatika, na mguu wa kushoto haukanyagi vizuri."

"Maskini," Bibi alisema, akamsogelea Hafsa. "Haya, endelea. Anafanya nini sasa?"